Kuona Ndani ya Kitu Pasipo Kukivunja

Msomaji, chukua kibuyu cha maziwa, kile ambacho Wakipsigis hukiita sotet, na ambamo mursik hutunzwa. Kitazame kwa nje. Utaona tumbo lake, shingo yake na kifuniko chake. Lakini ukiulizwa ganda lake lina unene gani karibu na shingo, au maziwa yamefika kimo gani ndani yake, macho hayatakusaidia. Njia moja ya kujua ni kukipasua kwa msumeno. Lakini hapana mama katika Merigi, wala mahali popote penye chai kutoka Kericho hadi Bomet, atakayekubali kibuyu chake kipasuliwe ili udadisi wa mtu utoshelezwe. Njia ya pili ni kukipasua katika karatasi. Unakichora kana kwamba msumeno umepita katikati yake toka juu hadi chini, nusu ya mbele imeondolewa, nawe umesimama kuielekea nusu iliyobaki. Ganda lililokatwa unalitia mistari myembamba ya mshazari. Uwazi wa ndani unauacha mweupe. Kibuyu kimebaki kizima, na yaliyomo ndani yamefunuka. Mchoro wa namna hii huitwa mkato.

Katika madarasa ya uchoraji wa ufundi mkato hufundishwa kwa kanuni. Mwanafunzi huambiwa: tia mistari ya mshazari kwa digrii 45, usiikate bolti, usiikate shafti kwa urefu wake, andika herufi A na A penye ncha za mstari wa kukatia. Wengi huzikariri kanuni hizi kama mtu akaririvyo majina ya miji asiyoijua, na mtihani ukiisha huzisahau. Mimi nafundisha vijana ambao kesho watakuwa walimu, na nimeona kwamba kanuni isiyo na sababu haikai kichwani. Basi nataka kukueleza, msomaji, kanuni hizi zilitoka wapi. Utaona kwamba hazikushuka kutoka mbinguni. Ni mapatano ya watu, na kila pato limezaliwa na haja fulani. Utaona pia kwamba kwa muda mrefu mapatano hayo yalikuwa ya watu wachache, na kwamba aliyeachwa nje yake alilipa gharama kubwa.

Ni kweli kwamba mwanadamu aweza kujenga vema pasipo mchoro. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Matondoni wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, huziweka mbao, na jicho lake ndilo rula. Vivyo hivyo nyumba ya mviringo ya Kikipsigis ilijengwa pasipo karatasi. Wajenzi walijua nguzo zikae wapi, ukuta wa ndani utenge nini na nini, na dari la kuwekea nafaka liwe juu kiasi gani. Elimu hiyo ni elimu kamili, wala yeyote asiidharau. Ina upungufu mmoja tu: husafiri pamoja na mtu. Fundi akiwa Lamu na kazi iko Kisumu, hapana budi fundi mwenyewe asafiri. Na akifa kabla ya kumfundisha mwanawe, kazi yake hufa naye. Mchoro ulitafutwa kwa ajili ya haja hiyo, yaani kuitenga akili ya fundi na mwili wake, ili akili ifike mahali ambapo mwili haukufika.

Huko Ulaya mkato ulianza kupata nguvu katika karne ya 15. Leonardo da Vinci alipochora fuvu la kichwa cha mwanadamu mwaka 1489, alilipasua kwanza kwa msumeno, kisha akachora alichokiona. Hapo bado mkato wa karatasi ulifuata mkato wa kweli. Yapata mwaka 1519 Raphael, mchoraji mashuhuri, alitumwa kupima magofu ya Roma ya kale. Katika waraka wake kwa Papa Leo wa Kumi alieleza kwamba jengo lahitaji michoro mitatu: mmoja wa msingi wake kama uonekanavyo kutoka juu, mmoja wa ukuta wa nje, na mmoja wa ukuta wa ndani. Akaongeza sharti kubwa, kwamba vipimo viwe vya kweli, wala mistari ya mbali isipunguzwe kama wafanyavyo wachoraji wa picha. Tafakari jambo hilo. Picha huonyesha jinsi kitu kinavyoonekana. Mchoro wa fundi huonyesha jinsi kitu kilivyo. Mchoro wa tatu wa Raphael, ule wa ukuta wa ndani, ndio mkato wetu. Tena jengo lililochorwa halikuguswa na msumeno wala sururu.

Mapatano hayo ya Wataliano yalifika karibu nasi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ngome ya Yesu, iliyoko Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593. Walioijenga walitumikia Wareno, lakini aliyeibuni alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Mawe yalikuwa ya matumbawe ya pwani yetu. Katika ngome, mambo yaliyo muhimu kuliko yote hayaonekani kwa mbele. Ni unene wa ukuta, mwinamo wake na kina cha handaki. Kwa hiyo wabunifu wa ngome walikuwa miongoni mwa watu walioutegemea sana mkato. Mizinga iliwafundisha kwamba kosa la ndani ya ukuta hudhihirika siku ya vita.

Basi si ajabu kwamba aliyeufanya mchoro wa ufundi kuwa elimu yenye misingi alitoka katika chuo cha ngome. Jina lake ni Gaspard Monge, aliyezaliwa Beaune, Ufaransa, mwaka 1746. Baba yake alikuwa mchuuzi. Monge alipoingia katika chuo cha wahandisi wa jeshi huko Mézières, hakuruhusiwa kusoma pamoja na vijana waliotarajiwa kuwa maofisa, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wa heshima. Aliwekwa upande wa wachoraji na mafundi. Siku moja alipewa tatizo la kupanga ngome ili askari waliomo wasionekane wala wasipigwe na adui aliye juu ya kilima. Kwa desturi kazi hiyo ilihitaji hesabu ndefu na ya kuchosha. Monge aliifanya kwa michoro, akaimaliza upesi mno hata ofisa aliyesimamia akakataa kwanza kuitazama, akidhani kwamba muda uliopita haukutosha kuipata hesabu. Ilipokaguliwa ikaonekana sahihi.

Njia yake ilikuwa hii. Kitu huchorwa kwa kutazamwa kutoka pande mbili, juu na mbele, na michoro hiyo miwili hufungamanishwa kwa mistari, hata kila nukta ya mmoja iwe na mwenzake katika wa pili. Mtu akikikata kitu hicho kwa bapa lililonyooka, aweza kupata kwa rula na bikari umbo halisi la uso uliokatwa, hata kama bapa limekwenda upande. Mkato uliokuwa picha ya kukadiria ukawa jambo la kuthibitishwa.

Na walifanya nini na elimu hii? Waliificha. Kwa miaka mingi njia ya Monge ilikuwa siri ya jeshi, wala haikuruhusiwa kufundishwa nje ya chuo. Ni baada ya mapinduzi ya Ufaransa ndipo alipoweza kuifundisha hadharani, mwaka 1795, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1799. Angalia, msomaji: kijana wa mchuuzi alizuiwa mlangoni kwa sababu ya ukoo wake, akavumbua jambo kubwa, na jambo hilo nalo likafungiwa ndani ya mlango ule ule. Siri za namna hii zina mlinzi wake daima, na mlinzi huyo husema kwamba analinda usalama. Pengine asema kweli. Lakini wakati uo huo waashi, maseremala na wafua vyuma wa nchi nzima walifanya kazi kwa kubahatisha jambo ambalo lilikuwa limekwisha kujulikana.

Huko Uingereza haja nyingine ilikuwa ikisukuma. James Watt na mwenzake Matthew Boulton, walioungana mwaka 1775, waliuza mitambo ya mvuke kwa wenye migodi waliokuwa mbali. Vipande vingine vilitengenezwa na mafundi wengine, na mtambo wote uliunganishwa huko huko mgodini. Mchoro ndio uliotumwa. Fundi aliyekuwa maili nyingi kutoka kiwandani alipaswa kuona ndani ya silinda ambayo bado haikuwako duniani. Ndiyo maana michoro ya wakati huo ilipakwa rangi za maji kwa uangalifu mkubwa. Katika karne ya 19 rangi zenyewe zikawa na mapatano. Chuma cha kusubu kilipakwa kijivujivu, chuma cha kufua buluu, feleji zambarau, shaba ya manjano rangi ya manjano, matofali wekundu, na mbao rangi ya kahawia. Fundi aliyezijua rangi hizo alisoma mkato kama usomavyo ukurasa huu.

Rangi hizo zikapotea, na sababu yake ni nyepesi. Mwaka 1842 John Herschel alivumbua karatasi inayogeuka buluu ikipigwa na mwanga. Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vikaitumia kunakili michoro: mistari ilitokea meupe juu ya buluu. Sasa mchoro mmoja uliweza kuzaa nakala kumi kwa siku moja, pasipo mchoraji kukaa kuirudia kila moja kwa mkono. Lakini nakala hizo hazikujua rangi. Buluu ilikuwa moja kwa chuma, kwa shaba na kwa mbao. Hapo mistari ya mshazari, ambayo wachonga picha walikuwa wakiitumia tangu zamani kuonyesha kivuli, ikachukua kazi ya rangi. Kwanza kila madini yalipewa mistari ya namna yake, mingine minene, mingine ya vipande, mingine miwili miwili. Baadaye ikaonekana kwamba ni afadhali mistari ya namna moja itoshe kwa yote, na jina la madini liandikwe kwa maneno. Kwa hiyo, utakapotia mistari yako ya digrii 45, jua kwamba unashika mahali pa rangi iliyokufa.

Tuzitazame sasa kanuni nyingine, maana sababu zake ni tamu kuliko zenyewe. Vipande viwili vikigusana katika mkato, mistari ya kimoja huelekea kulia na ya kingine kushoto. Kwa nini? Ili jicho lisidhani kwamba ni kipande kimoja. Vikiwa vitatu, cha tatu hupewa mistari iliyo karibu zaidi au mbali zaidi. Kinyume chake, kipande kimoja kikionekana mahali pawili katika mkato, mistari yake lazima ifanane pote pawili, ili jicho lijue kwamba ni kile kile.

Na kwa nini bolti haikatwi? Mkato huchorwa ili kuonyesha yaliyo ndani. Bolti, shafti na ribiti hazina uwazi ndani yake, zimejaa. Ukizikata hutaona kitu kipya, nawe utakuwa umelifuta umbo la nje linalomwambia fundi kwamba hii ni bolti. Basi msumeno wa mawazo hukata kila kitu kinachozizunguka, ukifika kwao hupita kando, nazo zabaki nzima. Ni uongo ulio wazi, na kila mtu ameukubali kwa sababu humwonyesha fundi ukweli upesi zaidi.

Mfano wa mbavu ni mzuri kuliko yote. Chukua kitako cha chuma kilichosimamisha bomba, na pande zake mna mbavu nyembamba mbili za kulitia nguvu, zenye umbo la pembetatu. Msumeno ukipita katikati ya mbavu hizo, ukatia mistari ya mshazari kila mahali palipoguswa, mchoro utaonyesha mlima mzima wa chuma. Fundi atausoma hivyo, naye atasubu mzigo mzito mahali palipotakiwa mbavu mbili nyembamba. Kila mstari wa mchoro ulikuwa kweli, na mchoro wote ulidanganya. Kwa hiyo ilipatanwa kwamba ubavu ukikatwa kwa urefu wake usitiwe mistari. Hapa ndipo palipo moyo wa elimu hii: mchoro ulio mwaminifu ni ule unaomfanya asomaye afikie jambo la kweli.

Maadamu mapatano yalikuwa ya kila kiwanda peke yake, mchoro wa mji mmoja uliweza kusomwa vibaya katika mji mwingine. Mwaka 1927 Waingereza walitoa kanuni yao ya pamoja ya michoro ya ufundi, iliyoitwa BS 308. Mataifa mengine yalikuwa na zao. Shirika la Kimataifa la Viwango liliundwa mwaka 1947, na mwaka 1982 likatoa kanuni ya ISO 128 kwa ajili ya dunia. BS 308 yenyewe ilistaafishwa mwaka 2000.

Sasa turudi kwetu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Katika karakana zake kazi iligawanywa kwa rangi za watu. Aliyechora na kuamuru aghalabu alikuwa Mzungu. Fundi aghalabu alikuwa Mhindi. Mwafrika alibeba, akasukuma, akapaka mafuta. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi kwa Waafrika huko Kabete, na mafundi hodari walitoka humo, maseremala, waashi na wahunzi. Lakini kufundishwa kuutekeleza mchoro ni jambo moja, na kufundishwa kuuchora ni jambo jingine. Anayeutekeleza hujibu swali. Anayeuchora ndiye anayeliuliza. Elimu ya uhandisi ya daraja la juu ilianza Nairobi mwaka 1956, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofungua milango yake kwa watu wa rangi zote. Huo ndio mlango wa Mézières katika sura ya Kiafrika, nao ulichelewa kufunguka.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho, katika nchi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa sehemu zake. Viwanda vikasimama na mitambo ikaletwa kutoka ng'ambo. Mkulima mdogo wa Kiafrika aliruhusiwa kushiriki kilimo hicho baadaye sana, katika miaka ya 1950. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati mwaka 1957, na shirika lao, KTDA, likaundwa mwaka 1964. Leo wakulima wa Merigi na jirani zao huchuma majani yatakayosagwa katika viwanda vyao wenyewe.

Ingia kwa mawazo katika mojawapo ya viwanda hivyo, usimame mbele ya mashine iitwayo CTC, iliyobuniwa Assam, India, na William McKercher mwaka 1930. Kwa nje ni sanduku lenye kelele. Majani huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa vipande vidogo. Huoni zaidi. Fungua sasa mchoro wake wa mkato. Utaona magogo mawili ya chuma yenye meno makali, yakizunguka kwa kuelekeana, moja likienda kasi yapata mara kumi ya mwenzake. Utaona kwamba kila gogo limeundwa kwa pete za chuma kisichoshika kutu zilizovikwa juu ya shafti. Pete zina mistari ya mshazari. Shafti haina, nawe sasa wajua kwa nini. Utaona beringi zinazoishika shafti kila upande. Na kati ya magogo utaona upenyo mdogo kuliko unene wa ukucha. Uzuri wa chai yote ya mlimani hutegemea upenyo huo. Ukizidi, majani hupita pasipo kukatwa vema. Ukipungua mno, meno hugusana na kuharibika.

Mashine hiyo ikisimama usiku wa msimu wa mavuno, majani hayangoji. Hupata joto, hunyauka kupita kiasi, huharibika, na hasara humfikia mama aliyechuma tangu alfajiri kilimani. Kiwandani hapo aweza kuwapo mtu anayejua kuusoma mkato, naye atajua kipande gani kifunguliwe kwanza na kipi kisiguswe. Asipokuwapo, ama watu watafungua kila kitu kwa kubahatisha, ama wataketi kumngoja mgeni. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga. Na katika kiwanda giza hilo hupimwa kwa kilo za majani yaliyotupwa.

Huenda utasema, msomaji, kwamba siku hizi kompyuta huchora. Ni kweli. Mtu hutengeneza umbo katika kioo, hubonyeza, na programu humkatia mkato kwa nukta moja ya dakika. Lakini programu nyingi hukata kila kitu kilichoguswa, hata bolti, hata mbavu, mpaka mtu aiamuru iviache. Isipoamriwa itachora ule mlima wa chuma niliokutajia. Kompyuta imechukua kazi ya mkono. Kazi ya kujua kwa nini imemwachia mwanadamu.

Maelfu ya wanafunzi wa Kenya wamechora mikato katika shule za sekondari, na baadhi yao wameondoka madarasani wakidhani kwamba wamejifunza kutia mistari tu. Wewe usiwe mmoja wao. Elimu hii ilifichwa Ufaransa kwa ajili ya jeshi, na katika nchi yetu ilizuiliwa kwa ajili ya rangi. Sasa iko juu ya dawati lako, kwa bei ya kalamu, rula na bikari. Jizoeze kwa vitu vilivyo karibu nawe. Kata katika karatasi kufuli la mlango, bomba la maji la uani, taa ya mafuta, tochi. Kila ukifika mahali ambapo hujui mstari uende wapi, simama ujiulize: atakayeusoma mchoro huu, bila mimi kuwapo, ataelewa nini? Ukilijibu swali hilo kwa uaminifu, kanuni nyingi utazipata mwenyewe kabla ya mwalimu kukutajia.